Vitenzi vya Mashine: Uhakiki wa Istilahi katika Mwongozo wa Sataranji ya Kompyuta

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi imezoeleka kuwa kazi ya kuorodhesha nomino. Kamati hukaa, majina ya vitu husomwa moja baada ya jingine, kila jina hutafutiwa mwenzake wa Kiswahili, na orodha ikishapitishwa hupelekwa kwa wachapaji. Vitenzi huachiwa wafasiri wajitafutie wenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwenendo huo una hasara, na kwamba katika uwanja wa kompyuta hasara yenyewe si ndogo.

Mfano nitakaoutumia ni mswada nilioletewa niuhakiki. Ni tafsiri ya mwongozo kwa wanaoanza kuzielewa programu za kompyuta zichezazo sataranji. Mfasiri wake ni mtu mwenye bidii, na jina lake halina haja ya kutajwa, kwani makosa nitakayoyaeleza ni yetu sote. Kabla mswada haujanifikia, mwalimu mmoja asimamiaye chama cha sataranji shuleni kwake aliusoma pamoja na wanafunzi. Baadaye aliwaonyesha mchezo ambao kompyuta ilikuwa imeandika +2 kwa upande wa kete nyeupe, akawauliza maana ya tarakimu hiyo. Karibu wote walijibu kwamba mashine inajua kuwa mweupe atashinda. Alipouliza imejuaje, mmoja alisema: imefikiri. Hakuna aliyesema kuwa imehesabu, wala aliyeuliza imehesabu nini na imekomea wapi.

Wanafunzi hao hawakuwa wazito wa kuelewa. Walikuwa wasomaji waaminifu, maana kujua na kufikiri ndiyo maneno waliyoyakuta katika mswada.

Kazi yenyewe ilivyo

Hatuwezi kulihukumu neno kabla ya kukifahamu kitu. Kwa hiyo yafaa tueleze kwanza, kwa ufupi, programu ya namna hii hufanya nini. Mambo yake makuu ni matatu.

La kwanza ni kuorodhesha. Programu huandika hatua zote zinazoruhusiwa na kanuni za mchezo, kisha majibu yote ya mpinzani, kisha majibu ya majibu hayo. Mwanzoni mwa mchezo mweupe ana hatua 20 za kuchagua. Kila upande ukisha kucheza mara moja, njia zimefika 400. Zamu ya tatu huzifikisha 8,902, na ya nne 197,281. Claude Shannon, mtaalamu wa Marekani, alikadiria katika makala yake ya mwaka 1950 kwamba idadi ya michezo yote iwezekanayo ni kama moja ikifuatwa na sufuri 120. Hakuna mashine iwezayo kuimaliza hesabu hiyo. Haina budi kukomea mahali.

La pili ni kukadiria. Pale programu inapokomea, huupa mpangilio wa kete uliopo tarakimu moja, kubwa ukiwa mzuri kwa mweupe, ndogo ukiwa mbaya kwake. Katika programu za zamani watu ndio walioandika kanuni za tarakimu hizo: kitunda, yaani kete ndogo ya mstari wa mbele, kilihesabiwa 1, farasi 3, ngome 5, malkia 9, kisha yakaongezwa au kupunguzwa mambo mengine kama usalama wa mfalme. Tarakimu zikisha kupatikana mwishoni mwa kila njia, hurudishwa nyuma hadi mwanzo. Penye zamu ya mweupe huchukuliwa iliyo kubwa kabisa, na penye zamu ya mweusi iliyo ndogo kabisa, kwa kuwa mpinzani hategemewi kumchagulia mwenzake lililo jema.

La tatu ni kuacha yasiyo na haja. Tuseme programu imekwisha kupata hatua moja inayoihakikishia kadirio la 1. Inapoigeukia hatua ya pili, ikakuta kwamba mpinzani ana jibu moja la kuishusha hadi sufuri, haina haja ya kuyachungulia majibu yake mengine. Hatua hiyo imekwisha kushindwa na ile ya kwanza, na kiasi cha kushindwa kwake hakibadili chochote. Faida ya kuacha huko ni kubwa mno. Tukichukua mfano wa hatua 35 katika kila zamu, zamu nne zina njia 1,500,625. Hatua zikipangwa vizuri kabisa, bora zikitangulia, yatosha kuzifikia 2,449 tu, na jibu ni lile lile. Donald Knuth na Ronald Moore waliuchambua utaratibu huu kihisabati katika makala yao ya mwaka 1975.

Nomino za mswada

Sasa tuje kwenye maneno. Haki yataka tuanze na yaliyo mema. Kwa kuacha matawi yasiyo na haja, mfasiri ametumia kitenzi kupogoa, ambacho kila mkulima wa kahawa anakijua. Ni chaguo bora. Anayepogoa haharibu mti, bali huondoa matawi yasiyozaa ili nguvu iende penye mazao, na hivyo ndivyo ilivyo katika hesabu tuliyoieleza. Angalitumia kukata, msomaji angalidhani kwamba kuna kitu kinachopotea.

Neno injini nalo limepata lawama kutoka kwa waliousoma mswada kabla yangu. Wanasema injini ni ya lori na mashua, na kwamba programu haina mafuta wala moshi. Lawama hiyo siikubali. Programu ya namna hii kwa kawaida haichori ubao wala kete. Huo ni wajibu wa programu nyingine inayoonekana kwenye kioo, na hizo mbili hupelekeana ujumbe wa maandishi kwa utaratibu maalumu, kama ule uitwao UCI uliotolewa mwaka 2000. Mtu aweza kuitoa injini moja na kuitia nyingine katika bodi lile lile, kama afanyavyo fundi wa magari. Sitiari imesimama, na neno limekwisha kuenea. Tuliache.

Kasoro ziko kwingine. Mfasiri ametumia hatua kwa maana mbili zilizo mbali. Katika vitabu vya sataranji, hatua moja huhesabiwa mweupe akisha kucheza na mweusi akajibu. Lakini programu huhesabu kila mchezo wa upande mmoja peke yake. Mswada unaposema kwamba injini imefika "kina cha hatua 20," msomaji huelewa michezo 20 ya kila upande, ilhali ni 10 tu ya kila upande. Huko ni kukosea maradufu. Kiswahili kina neno zamu, linalotumika katika michezo yote ya watu wawili tangu bao hadi karata. Tukisema kina cha zamu 20, kosa limekwisha.

Hali kadhalika neno nafasi. Mswada una sentensi isemayo kwamba "mweusi ana nafasi mbaya lakini ana nafasi nzuri ya kushinda." Sentensi hiyo si ya kipuuzi katika lugha ilikotoka, maana huko maneno ni mawili. Kwa jinsi kete zilivyokaa ubaoni napendekeza mkao, na nafasi ibakie kwa maana ya fursa.

Vitenzi ndivyo vinavyopotosha

Kasoro za nomino zarekebishika kwa kalamu nyekundu. Za vitenzi zimeingia ndani zaidi. Katika kurasa chache za mwanzo nimekuta kwamba injini "inafikiri," "inaona mbali," "inaamua," "inaogopa" na "inajua." Kila kimoja cha vitenzi hivyo kimewekwa mahali ambapo pangefaa kitenzi cha kazi halisi.

Pa kufikiri pangefaa kupekua. Mfasiri amejaribu pia kutafuta, lakini anayetafuta huwa na kitu kimoja kilichompotea. Anayepekua hufunua moja baada ya jingine, kama karani apekuaye jalada asijue atakuta nini. Pa kuona mbali pangefaa kupekua kwa kina. Pa kuamua pangefaa kuteua, yaani kuitoa hatua iliyopata kadirio kubwa kuliko nyingine. Ama kuogopa, hakuna mahali pake.

Jambo hili linazidi uzito kwa sababu ya sarufi yetu. Kitenzi cha Kiingereza hakibadiliki awe aliyecheza ni mtu au kiwe ni chombo. Mfasiri wa Kiswahili hana faraja hiyo. Kila sentensi humlazimisha achague kiambishi. Katika sura ya kwanza ya mswada tunasoma "Stockfish ilicheza." Kufikia sura ya tatu imekuwa "Stockfish alicheza," na mwishoni "alishangaa akabadili nia." Hakuna aliyekaa akaamua kumpa mtu huyo uhai. Aliingia kwa mlango wa upatanisho, polepole, bila ya mfasiri mwenyewe kutambua.

Itasemwa kwamba hata kete za mti twazipatanisha kama viumbe: farasi amekula kitunda, mfalme amekimbilia pembeni. Ni kweli, na hakuna anayedhani kwamba mti umeona njaa. Lakini hapo mkono wa mchezaji unaonekana. Kila mtu anamjua aliyeusogeza ule mti. Katika kompyuta mkono hauonekani, na kiambishi cha uhai huja kulijaza pengo hilo.

Historia ya mchezo ina mifano miwili inayofundisha. Mwaka 1770, mjini Vienna, Wolfgang von Kempelen alionyesha sanamu iliyovikwa mavazi ya Kituruki na kukalishwa nyuma ya sanduku, ikicheza sataranji na kuwashinda wengi. Ndani ya sanduku alifichwa mchezaji wa kweli. Kwa mashine hiyo, kusema "alicheza" kungekuwa sahihi kabisa, na waliosema "ilicheza" ndio waliodanganyika.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Alan Turing na David Champernowne walitunga kanuni za kucheza sataranji kuanzia mwaka 1948, wakati ambapo haikuwapo kompyuta iliyofaa kuziendesha. Mwaka 1952 Turing aliziendesha mwenyewe kwa karatasi na kalamu, akicheza na mwenzake Alick Glennie. Kila mchezo ulichukua kama nusu saa ya hesabu, na karatasi ikashindwa. Turing alikuwa mtu mwenye fikra nyingi, lakini siku ile kazi yake ilikuwa kuifuata orodha ya kanuni bila kuongeza lake. Hakuna mfasiri atakayeandika kwamba karatasi zilifikiri. Basi kanuni kama hizo zikihamishwa kutoka karatasini na kuendeshwa kwa umeme, ni wapi hasa kitenzi kilipobadilika?

Kasi haitoshi kukibadili. Mashine iitwayo Deep Blue, iliyomshinda Garry Kasparov mjini New York mwaka 1997 kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5, iliweza kupekua mikao kama milioni 200 kwa sekunde. Ni wingi wa kustaajabisha, lakini ni wingi wa kitendo kile kile.

Kukadiria si kujua

Narudi kwenye ile +2 ya wanafunzi. Mswada huiita "tathmini," na mara mbili umeiita "ukweli wa mkao." Neno tathmini si baya, ila katika ofisi zetu tathmini ni kazi iliyokwisha na kutiwa sahihi. Napendekeza kadirio, kwa kuwa neno hili hubeba onyo lake lenyewe. Anayekadiria amekubali kwamba aweza kukosea, na msomaji wake hupata haki ya kuuliza amekadiriaje.

Kuna sababu ya pili ya kutahadhari. Kwa miaka mingi tarakimu hiyo ilielezwa kwa kipimo cha vitunda: +1 ilikuwa faida ya kitunda kimoja, na mswada unaieleza hivyo. Lakini katika Stockfish, injini iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2008 na ambayo ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote, kipimo kilibadilishwa mwezi Desemba 2022. Tangu hapo +1 humaanisha kwamba, injini hiyo ikicheza na nafsi yake katika masharti maalumu, mwenye faida hiyo hutazamiwa kushinda mara 50 katika kila 100. Jina la kipimo limebaki la kitunda, maana imehama. Mfasiri aliyeliiga jina bila kuuliza maana amefasiri neno lililokwisha kuchakaa huko lilikotoka.

Kasoro ya tatu ya kadirio hutokana na pale programu inapokomea. Mambo yaweza kuonekana mema katika zamu ya mwisho iliyopekuliwa, na msiba ukawa katika zamu inayofuata. Hans Berliner alilieleza tatizo hili mwaka 1973 kwa kulifananisha na mstari ambapo bahari na mbingu hukutana. Hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa. Twasema upeo wa macho, na kila nahodha anajua kwamba chombo kilicho nyuma ya upeo kipo ijapokuwa hakionekani. Tuiite kasoro ya upeo. Dawa yake ni kutokomea katikati ya kulana kete, bali kuendelea mpaka mkao utulie. Mswada umeiita dawa hiyo "utafutaji wa kimya." Mashine haikuwa na kelele. Neno la mabaharia lipo: kupekua hadi shwari.

Je, hakuna mahali ambapo programu ina jibu lisilo la kukadiria? Papo. Ubaoni zikibaki kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo, yapo majedwali yaliyokwisha kukokotolewa kutoka mwisho kurudi nyuma, yanayoonyesha kama mkao ni wa ushindi, wa sare au wa kushindwa. Seti ya kwanza ya kete saba ilikamilishwa Moscow mwaka 2012. Hapo hatusemi kadirio, twasema jibu. Mswada umetumia "inajua" kwa hali zote mbili, na kwa kufanya hivyo umemnyang'anya msomaji tofauti aliyoihitaji kuliko zote: tofauti kati ya lililothibitishwa na lililokisiwa.

Pingamizi moja la haki

Msomaji makini aweza kusema kwamba maelezo yangu yanafaa mashine za jana. Leo, atasema, watu hawaandiki tena kanuni za kukadiria kwa mkono. Programu ya AlphaZero, iliyotangazwa mwaka 2017, ilipewa kanuni za mchezo tu, ikaachwa icheze na nafsi yake hadi ikaishinda Stockfish ya wakati huo. Nayo ilipekua mikao kama elfu 60 kwa sekunde, ilhali mwenziwe alipekua kama milioni 60. Stockfish yenyewe ilianza mwaka 2020 kutumia mtandao wa neva bandia katika kukadiria. Je, hapo si kujifunza?

Nimelipima swali hili kwa muda, na nakiri ugumu wake. Kuna waliopendekeza kufunzwa, ili mtendaji abaki binadamu. Lakini aliyeifunza AlphaZero sataranji ni nani, iwapo haikuonyeshwa mchezo hata mmoja wa binadamu? Kwa hiyo nakubali kujifunza, kwa masharti mawili. Upatanisho ubaki wa chombo: ilijifunza, si alijifunza. Na mwandishi aeleze, mara ya kwanza alitumiapo neno hilo, kwamba kujifunza huko ni kuzirekebisha tarakimu nyingi za mtandao kidogo kidogo ili makadirio yake yakaribiane na matokeo ya michezo. Msomaji naye atambue kwamba kilichojifunzwa ni kukadiria. Kupekua na kuteua kungalipo, na kadirio lingali kadirio.

Ila neno ubongo, ambalo mswada hulitumia badala ya mtandao wa neva bandia, silikubali. Sifa ile ya bandia ina kazi, isiachwe kwa kupenda ufupi.

Hitimisho na mapendekezo

Yawezekana kuulizwa kwa nini jambo la mchezo lichukue kurasa za jarida hili. Sababu ni kwamba sataranji ni mahali pepesi pa kuzoea maneno mazito. Anayeshindwa na kompyuta ubaoni hapotezi shamba. Lakini mwanafunzi aliyezoea kusema mashine imejua, kesho ni karani nyuma ya dirisha, na mwananchi aliye mbele yake ataambiwa: kompyuta imekataa. Wengi wetu tumeyasikia maneno hayo. Hayana mtu ndani yake wa kuulizwa. Angaliambiwa kwamba programu imekadiria, na kwamba makadirio yamefuata kanuni fulani, angaliweza kuuliza kanuni hizo ni zipi na ni nani aliyeziweka.

Kwa hiyo napendekeza kwamba orodha za istilahi za kompyuta zisipitishwe zikiwa na nomino tupu. Kila nomino iandamane na kitenzi chake na upatanisho wake. Kwa uwanja huu mdogo naleta haya yajadiliwe:

Injini ya sataranji – inapekua, inakadiria, inateua. Upatanisho wa i-/zi-, hata ikitajwa kwa jina lake.
Mkao – jinsi kete zilivyokaa ubaoni. Nafasi ibakie kwa fursa.
Zamu – mchezo mmoja wa upande mmoja. Kina huhesabiwa kwa zamu.
Kupogoa – kuacha matawi yasiyoweza kubadili jibu.
Kadirio – tarakimu ya mkao ambao haujathibitishwa.
Jibu – tokeo lililothibitishwa kwa jedwali la miisho.
Kasoro ya upeo – kosa litokanalo na mahali upekuzi ulipokomea.
Kupekua hadi shwari – kuendelea mpaka kulana kete kumalizike.

Mswada nimemrudishia mfasiri pamoja na maelezo haya. Mwalimu ameahidi kuusoma tena na darasa jingine utakapokuwa umesahihishwa, na kuwauliza swali lile lile. Nitaridhika ikiwa mwanafunzi mmoja tu, akionyeshwa +2, atauliza: kwa kina cha zamu ngapi?